Fedha za Matunzo

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, au uliyelipata likiwa limeshafungiwa bajia, nakufupishia. Naitwa Mardhiya, wa Kengeja. Kazi yangu ni kusimamia ghala la baridi pale Mkoani, chumba chenye mafriza mawili makubwa yanayohifadhi sampuli za kila mtafiti anayekanyaga Pemba. Mume wangu Haitham, fundi wa mafriji na viyoyozi, aliniacha mwaka jana kwa ujumbe wa sauti. Ujumbe wenyewe ulikatika katikati, maana alikuwa juu ya paa la hoteli akitengeneza kiyoyozi, ikabidi arekodi wa pili kumalizia talaka. Nimebaki na binti yetu, Maisa, na ndiye mtu pekee katika mkasa huu ambaye hana kosa.

Wiki jana niliishia pale nilipopata habari njema. Najua mmeshazoea kunisoma nikilia, na wengine mliniandikia kunipongeza. Asanteni. Pongezi zenu zimekuja mapema mno.

Habari yenyewe ilihusu yale mafriza. Mafriza yetu ni ya wote, na kitu cha wote mnakijua. Hospitali imeweka mbu wa Kisiwa Panza. Watu wa kichocho wameweka konokono wa mabondeni. Watu wa misitu wameweka mate ya popo, na wanafunzi wa chuo wameweka mwani. Kila mmoja ana ufunguo, ila gesi ikipungua ufunguo wangu ndio unaokumbukwa.

Nimekaa na wafadhili miaka mingi, nawajua. Ukimwomba mfadhili friza jipya, anakuja na utepe, mkasi na mpiga picha. Ukimwomba fedha ya kulitunza lile aliloleta mwenzake, anakuuliza kama limekufa. Ukijibu halijafa, anakwambia basi subiri. Nyuma ya ghala tuna chumba kizima cha mashine zilizosubiri. Kila moja ina stika ya bendera ya nchi fulani, na kuku wa mlinzi hutagia humo.

Basi nikaomba, nikanyimwa, nikaomba tena. Hatimaye jumuiya moja ya wafadhili huko Ulaya ikakubali. Ruzuku ya miaka mitatu, si ya kununua kitu hata kimoja, ni ya kutunza vilivyopo tu. Siku niliyopata jibu nilijifungia ghalani nikalia peke yangu kwa furaha. Friza moja lilikuwa linakoroma, nikaliambia livumilie kidogo.

Wafadhili walikuwa na sharti dogo. Kwa kuwa sampuli zimetoka kwa wananchi, wananchi waelezwe kwa lugha yao fedha zimekuja kufanya nini. Mwenzangu mmoja alinishauri niandike kwamba ghala limepata fedha za matengenezo.

Nikamkatalia. Nilimwambia matengenezo ni ya kitu kilichoharibika, na mimi sikuomba fedha ya kungoja kiharibike. Mimi nilitaka kukiangalia, kukipangusa, kukilisha gesi na kukijulia hali kingali kizima. Neno lake ni matunzo. Nikaandika matunzo, nikaridhika na Kiswahili changu, nikampelekea sheha, yaani mkuu wetu wa mtaa, Mzee Silima, awasomee watu.

Nilichoandika kilikuwa hivi: ghala la pamoja la sampuli, linalosimamiwa na Bi Mardhiya wa Kengeja, limepatiwa fedha za matunzo kwa miaka mitatu kutoka kwa wafadhili wa Ulaya.

Mzee Silima alisoma nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Miwani yake ilikuwa imekatika mkono mmoja, akawa anaishika kwa kidole huku upepo unampokonya karatasi. Akaona afupishe.

"Bi Mardhiya," alisoma, "kapatiwa fedha za matunzo kutoka Ulaya. Miaka mitatu. Tumwombee heri."

Watu wakaitikia amina, na wengine waliitikia huku wanatazamana.

Mimi sikuwepo, nilikuwa Mkoani na friza langu linalokoroma. Nilirudi jioni nikamkuta shangazi yangu, Bi Mwanawema, amekaa barazani na ushungi wa kutokea. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na akivaa ushungi wa kutokea bila ya kuwa na pa kwenda, jua kuna shauri.

"Weye kuolewa lini?" aliniuliza.

"Kuolewa na nani, shangazi?"

"Nakuuliza mie, nawe waniuliza? Sheha kashasoma mbele ya watu. Wapewa matunzo kutoka Ulaya. Mwanamke hapewi matunzo na asiyemuoa, ila kama ni lile jambo jengine, nami lile silitaji hapa barazani pangu."

"Shangazi, ni matunzo ya mafriza."

Akalipima lile jina.

"Na huyo Mafriza," alisema, "kashasilimu?"

Nilimweleza mpaka sauti ikanikauka. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema kaelewa. Asubuhi nilimsikia akimwambia jirani kwamba mimi sijaolewa, ni mashine tu inayoletewa matumizi, na jirani akimjibu kwamba siku hizi mambo mengi hupitia kwenye mashine.

Kufikia Jumapili nilikuwa nimeshapewa hongera na watu nisiowajua. Binamu wa Chake aliniandikia kuniuliza kama shemeji anaweza kumlipia ada. Kwenye kundi la simu la skuli ya watoto, mama mmoja aliandika kwamba heri wanaoondokewa na kiyoyozi wakapata barafu. Nilicheka, nakiri. Nilijiambia ni maneno ya watu, yatapita kama yalivyopita mengine.

Jumanne karani wa Kadhi akabisha hodi. Haitham amenishitaki.

Sasa hapa nataka mnielewe. Kwa sheria yetu, mama aliyeachika ana hadhana, yaani haki ya kulea mtoto wake mdogo. Akiolewa na mume mwengine, haki hiyo yaweza kumtoka. Haitham alisikia matunzo, akaongeza Ulaya, akapata mume. Akaomba apewe Maisa.

Niliogopa. Mengine yote nimewasimulia kwa mzaha, lakini hili sina mzaha nalo. Usiku wa Jumanne nilimlaza Maisa kifuani kwangu, naye akalalamika kwamba namkaba. Nilimlegeza kidogo tu.

Alhamisi nilikwenda mahakamani na shangazi. Kadhi wetu, Shehe Pandu, ni mtu wa sauti ndogo, na watu hunyamaza ili wamsikie. Chumba kilikuwa kimejaa wenye mashauri yao, na nilivyowaona walivyokaa, walikuwa hawana haraka na mashauri yao.

"Haitham," alisema Kadhi, "eleza dai lako."

"Shehe, mtalaka wangu kaolewa kwa siri. Mume yuko Ulaya na anamletea matunzo. Sheha kayatangaza. Mimi sina kinyongo, namtakia heri na mumewe. Nataka mwanangu tu."

"Wewe mwenyewe, matunzo ya mtoto unatoa?"

"Kila mwezi, Shehe. Wallahi sijakosa hata mmoja."

Nikahisi shangazi anainuka, nikamvuta ushungi akae. Ndugu wasomaji, tangu Haitham aniache alileta kitu kimoja tu. Alileta mkungu wa ndizi, akauegemeza mlangoni, akapiga picha yeye na mkungu, akaenda zake.

"Una ushahidi?" aliuliza Kadhi.

Haitham akatoa simu. Kadhi akaipokea, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Naona ndizi," alisema.

"Hizo za mwezi wa kwanza, Shehe. Miezi mingine nilitoa pesa, na pesa mtu hapigi nayo picha."

"Ndizi umepiga nazo picha, pesa umeionea haya." Kadhi akamrudishia simu. "Hilo tuliache kwanza. Mardhiya, nani anayekupa matunzo?"

"Ni wafadhili, Shehe."

"Wafadhili ni wengi. Mimi nauliza mtu mmoja."

"Hakuna mtu mmoja. Ni jumuiya."

Nyuma yangu bibi mmoja alisema astaghfirullah. Nikaharakisha kueleza kwamba jumuiya hainitunzi mimi, inatunza mafriza. Nikaeleza mbu, nikaeleza konokono, nikafika kwenye mate ya popo. Hapo Kadhi akainua kidole.

"Popo tumwache," alisema. "Niambie neno. Mashine watu husema matengenezo. Wewe kwa nini umeandika matunzo?"

Nilimjibu kama nilivyomjibu mwenzangu. Nilisema matengenezo huja kitu kikishavunjika, matunzo huja kabla. Nilisema pale Mkoani tuna chumba kizima cha vitu vilivyonyimwa matunzo vikasubiri matengenezo, na hayakuja. Nadhani nilisema kwa uchungu zaidi ya mafriza, maana Haitham akaanza kuangalia kucha zake.

"Neno umelichagua vizuri," alisema Kadhi. "Ndilo lililokuleta hapa."

"Shehe, twende Mkoani ukayaone kwa macho yako."

"Naweza kwenda hata leo. Lakini mashine haitaniambia pesa ni ya nani. Mtu anaweza akawa na friza na akawa na mume vilevile." Akageukia meza yake, akafikiri. "Hayo mafriza fundi wake nani?"

Swali hilo nilikuwa nimeliombea dua lisiulizwe.

"Hatujaandikiana naye mkataba, Shehe. Wafadhili wanataka fundi anayeishi hapa hapa Pemba, mwenye cheti cha mafriza ya baridi kali. Nimetafuta mpaka Unguja, nimetafuta mpaka Tanga. Hakuna anayekubali kuhamia huku."

"Kwa hiyo hayupo."

"Yupo. Mmoja."

"Nani?"

Nikatazama mkeka.

"Huyu aliyenishitaki."

Sikuwa nimemwambia Haitham. Jina lake nililipeleka Unguja kwa shingo upande, kwa kuwa wafadhili walitaka jina, lakini nilikuwa bado natafuta mwengine, nikiomba kwa Mungu anitolee fundi yeyote, hata awe mlevi, alimradi jina lake si Haitham. Ubaya ni kwamba yule bwana, kwa mashine, ana mkono na ana huruma. Huliwekea friza kiganja ubavuni akajua linaumwa wapi, na hulisemesha pole pole mpaka likatulia. Siku za ndoa yetu nilitamani mara nyingi ningekuwa na kompresa.

Sasa alikuwa amekaa wima.

"Mkataba wa muda gani?" aliniuliza, akasahau kwamba tuko mbele ya Kadhi.

"Miaka mitatu."

"Wa kulipwa kila mwezi?"

"Kila mwezi."

Haitham akajikohoza. Akaweka kanzu yake sawa.

"Shehe, naomba nirekebishe dai langu kidogo. Nikilitafakari neno matunzo, nahisi laweza kuwa na maana ya mashine pia."

"Laweza?" aliuliza Kadhi.

"Kwa sisi mafundi, ndiyo maana yake ya asili."

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Hata shangazi alicheka, na shangazi hajacheka na Haitham tangu siku ya posa. Maisa anabaki, nilisema moyoni. Kwa mara ya kwanza tamaa ya Haitham imenifaa.

Kadhi hakucheka.

"Nimekusikia," alisema. "Lakini dai la mtoto halifungwi kwa fundi kubadili maana ya neno. Nataka hiyo maana niione imeandikwa. Jumatatu mtaniletea mkataba wenye saini za hao wafadhili, kwamba pesa hizi anapewa fundi kwa kutunza mafriza. Nikiuona, nitajua hakuna mume, na mtoto atabaki kwa mama yake. Nisipouona, neno matunzo linabaki kama sheha alivyolisoma, na dai hili linaendelea. Mmenielewa?"

Tukasema tumeelewa.

"La pili. Haitham, huna tena udhuru wa kazi za kubahatisha. Kila ukilipwa na hao wafadhili, fungu la Maisa litatoka hapo hapo, akabidhiwe mama yake, na karani wangu aandike. Na hiyo miezi iliyopita unayosema umelipa, Jumatatu uje na ushahidi usio wa ndizi."

Haitham akainamisha kichwa kwa adabu kubwa. Akasema Shehe kahukumu kwa haki, na yeye hana alitakalo duniani ila mwanawe ale ashibe. Mtu asiyemjua angelia.

Tukatoka nje. Nilikaa kwenye baraza ya mahakama, kwenye kivuli, nikavua viatu nipoze miguu. Shangazi akaenda kununua maji, akisema anataka kumshukuru Mungu lakini koo limemkauka. Haitham alinifuata, akasimama karibu yangu kuliko inavyofaa.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" aliniuliza. "Tungeliyamaliza haya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Mardhiya, mie si mtu mbaya."

"Sijasema."

"Hilo friza linalokoroma, likoroma vipi? Lakoroma likatulia, au lakoroma moja kwa moja?"

"Linatulia kidogo, linaanza tena."

"Hiyo ni feni, si kompresa. Liache hivyo hivyo usilizime. Jumatatu nikitoka hapa naja kulitazama." Akasema kwa upole wa kweli, na mimi nikakereka kwa jinsi nilivyofarijika.

Ndipo simu yangu ikalia. Ni Bi Rawya, yule dada wa ofisini Unguja anayetusimamizia ruzuku kwa niaba ya wafadhili. Wiki jana nilishawaambia ni mtu mwema na ni mtu wa masharti. Sasa simu yangu, tangu ilipotumbukia majini nikitoka Makoongwe, haisikiki ila kwa spika. Nikabonyeza spika.

"Bi Mardhiya, hongera mwaya," alisema Rawya. "Mkataba wa fundi uko mbele yangu. Nataka niupeleke leo, wautie saini kesho, Jumatatu unao mkononi."

Nilimwambia Mungu amzidishie. Sikuwahi kulipenda neno Jumatatu kama siku ile.

"Nimebakiwa na swali moja tu, la kawaida. Huyu fundi Haitham, ni mtu wako?"

"Alikuwa mume wangu. Tumeachana."

"Kuachana si tatizo, nilishawahi kuwauliza, walisema mtalaka si jamaa. Tatizo lao ni moja. Fundi anayelipwa na ruzuku hatakiwi kumpa msimamizi chochote. Walishaumizwa mahali fulani, fundi akilipwa anamkatia bosi wake fungu lake kila mwezi. Kwa hiyo wanataka neno lako. Kuna pesa yoyote inayotoka kwake kuja kwako, au itakayotoka?"

Ndani ya chumba kile, dakika chache nyuma, Kadhi alikuwa ameamuru kitu hicho hicho. Kila mwezi, kutoka kwa fundi, kuja kwangu, na karani aandike.

"Bi Rawya," nilisema, "na ikiwa ni ya mtoto? Ikiwa ni Kadhi aliyesema?"

"Dada yangu, mie nakuelewa, mie nina watoto. Lakini kwenye masharti yao hakuna Kadhi. Kuna fundi, kuna msimamizi, na kuna pesa inayorudi. Wakisikia ipo, wanazuia ruzuku yote mpaka wachunguze. Na wakichunguza hawamalizi Jumatatu."

Bila saini hakuna mkataba. Bila mkataba, mbele ya Kadhi mimi bado ni mke wa mtu wa Ulaya, na Maisa anaanza kufungasha nguo zake. Nikisema pesa haipo, basi nimekana kwa mdomo wangu haki ya mwanangu niliyopewa sasa hivi tu, na Haitham ana masikio mazuri kuliko moyo.

Masikio hayo yalikuwa yameshasikia. Nilimwona akihesabu upesi upesi. Ruzuku ikizuiwa, na yeye kazi imekwenda. Akainama kwenye simu yangu kabla sijamkinga.

"Assalamu alaykum, Bi Rawya. Mimi ndiye fundi Haitham."

"Waalaykumu salaam."

"Nimesikia swali lako, na mimi ni mtu wa kusema kweli. Ondoa wasiwasi kabisa. Tangu nimwache mwanamke huyu, wallahi sijampa hata senti moja."

"Hata ya mtoto?" aliuliza Rawya, kwa sauti iliyopoa.

"Ya mtoto wala ya mama. Ulizia Kengeja nzima. Nilipeleka ndizi mara moja, basi, na ndizi sidhani kama zimo kwenye masharti." Akacheka kidogo. "Mie na yeye hatuna uhusiano wowote wa pesa. Nina mashahidi wa kutosha."

Nilikuwa namtazama usoni, na kwa hiyo niliiona ile furaha ikimtoka. Alikuwa anaangalia nyuma ya bega langu.

Niligeuka. Shehe Pandu alikuwa amesimama kizingitini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, karani wake pembeni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Nadhani tangu kwenye wallahi.

"Haitham," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Ndani umeapa umelipa kila mwezi. Hapa umeapa hujalipa hata senti. Niandike kiapo kipi?"

Haitham akajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Haloo?" ilisema simu. "Nani huyo anayezungumza?"

"Ni Kadhi," nilimwambia.

"Kadhi yupo hapo hapo? Basi vizuri, mambo yatakuwa wazi."

Shangazi alikuwa amerudi na chupa ya maji. Alituangalia sote, akamwangalia Haitham anavyotokwa na jasho, akaifungua ile chupa akanywa mwenyewe.

Kadhi akavaa kiatu chake cha pili bila haraka. Akaja akasimama mbele yangu, na mimi nikasimama kwa heshima, pekupeku.

"Huyu nimeshamsikia mara mbili," alisema, "na sitamsikia mara ya tatu. Wewe bado hujanidanganya. Neno lako nitalichukua kama lilivyo. Kuanzia sasa, Mardhiya, Haitham ana cha kukupa kila mwezi, au hana?"

"Jibu, dada," alisema Rawya simuni. "Swali langu ndilo hilo hilo."

Haitham alinitazama kwa macho ya kuomba, na sikujua ananiomba niseme lipi. Naamini hata yeye hakujua. Jibu la kumbakisha Maisa mikononi mwangu lilikuwa hana. Jibu la kumlisha Maisa akiwa mikononi mwangu lilikuwa anacho. Karani alishafungua kalamu.

Nikaisogeza simu karibu na mdomo, nikamtazama Kadhi, nikawajibu wote wawili kwa neno moja. Neno lenyewe mtalisoma wiki ijayo.